Ngozi Aliyolalia Babu

Mwezi uliopita nilikwenda Mugumu kununua mbegu za mahindi. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu dukani aliponyokwa na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, ikapasuka sakafuni. Harufu ikapanda papo hapo, kali, kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na kitu kichungu kinachokwenda moja kwa moja hadi nyuma ya koo. Wenzangu walikunja nyuso wakacheka. Mimi nilitoka nje nikashika nguzo ya kibaraza.

Binti muuza duka alinifuata. "Bibi, umepatwa na nini? Nikuletee maji ya kunywa?"

"Niletee ya kunawa," nikamwambia.

Alinishangaa, maana sikuwa nimegusa kitu. Lakini nilinawa mara mbili kwa sabuni, mbele za watu, mwanamke wa umri wangu, mzee wa kanisa, nikisugua mpaka chini ya kucha kama mtoto aliyeamriwa na mama yake.

Na ni kweli niliamriwa na mama yangu, siku moja ya jua kali, zamani sana. Nimewafundisha watoto wa kanisani kwetu miaka mingi kwamba kweli isemwe hata inapouma. Basi si vizuri mimi mwenyewe niende kaburini kabla sijasimulia habari ya siku niliyokaribia kumuua babu yangu kwa ajili ya viroboto.

Kwetu kulikuwa Morotonga, miaka ile josho la kijiji likiwa bado jipya. Baba alikuwa mlinzi katika hoteli ya watalii upande wa Ikoma, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi miwili. Mjini kwetu, maana sisi boma lote tunaliita mji, tulibaki wanne: mama, mimi Bhoke niliyekuwa na miaka kama tisa, mdogo wangu Mwita aliyekuwa bado ananyonya, na babu, mzazi wa baba. Bibi alikuwa ameshafariki. Babu aliishi peke yake katika nyumba yake ya msonge, hatua kumi tu kutoka mlango wetu. Hakuwa peke yake kabisa, kwa sababu wana-mbuzi wadogo walilala humo pamoja naye, kwenye kizizi cha fito kando ya kitanda.

Lazima niwaeleze jambo moja, hasa ninyi vijana mliokulia mjini Musoma au Mwanza. Kwetu Wakurya, baba mkwe na mkaza mwana wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Mama hakumpa babu chakula mkononi. Alikiandaa, mimi nikapeleka. Hakumwita kwa sauti. Wakikutana njiani, mama alipita kando, amegeuza uso. Na zaidi ya yote, mkaza mwana hakukanyaga anapolala baba mkwe, wala kuona matandiko yake. Hata kuyataja ilikuwa aibu. Lakini mjukuu ni jambo jingine. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Babu alinitania hivyo tangu nikiwa mgongoni: "Mke wangu, leo umenipikia nini?" Nami nilimjibu, "Mume mzee kama wewe hana meno, atakula nini?" Akacheka mpaka akakohoa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyefagia nyumba yake, niliyembebea maji, niliyepeleka maneno kutoka mlango huu hadi ule.

Sasa viroboto.

Mwaka ule walikuwa wengi kuliko miaka yote ninayoikumbuka. Ukiingia ndani ukitoka juani, ulisikia miguu inachomwa kabla macho hayajazoea giza. Waliruka sakafuni kama ulezi kwenye kikaango. Usiku hatukulala, na mchana tulijikuna. Mwita ndiye aliyeumia kuliko sote. Tumbo lake na mapaja yake yalijaa vipele vyekundu, vingine alivikuna mpaka vikatoa maji, na alilia kilio kile cha mtoto aliyechoka, kisicho na nguvu.

Mama hakuwa mwanamke mchafu. Nasema hivi mbele za Mungu. Kila Jumamosi alitoa kila kitu nje: mikeka, magunia tuliyojifunika, blanketi moja la baba, nguo zote. Alichemsha vinavyochemka katika pipa lililokatwa, akaanika vyote juu ya ua wa minyaa, jua likapiga mpaka magunia yakanuka kama mkate. Alifagia nyumba, akamwaga maji ya moto kwenye nyufa, akanyunyiza majivu, kisha akaisiriba sakafu upya kwa samadi mbichi ya ng'ombe. Chini ya mikeka alitandaza majani ya bangi mwitu, yale magugu yenye harufu kali yanayoota shambani baada ya mavuno. Jumamosi usiku tulilala kama watu. Jumapili tulikwenda kanisani bila kujikuna. Jumatano viroboto walikuwa wamerudi.

Mama alijua wanakotoka. Hata mimi nilijua. Asubuhi wana-mbuzi walipofunguliwa, walikimbia kutoka nyumba ya babu, wakaingia kwetu, wakapanda juu ya mikeka na kumrukia Mwita. Na ndani ya nyumba ya babu, juu ya kitanda cha fito, kulikuwa na ngozi ya ng'ombe. Ilikuwa ngozi ya zamani, nyekundu yenye mabaka meupe, ngumu kama ubao ukingoni na laini katikati alipolalia. Manyoya yake yalikuwa yamejaa vumbi la miaka. Ukiigonga kwa kidole, uliwaona wanaruka.

Lakini mama angesema nini? Aseme "Baba, matandiko yako yana viroboto"? Ni afadhali angemtukana. Mara moja tu alinituma kwa kuzunguka. "Mwulize babu kama angependa umwanikie vitu vyake." Nilimwuliza. Babu aliacha kuchonga mpini wa jembe, akanitazama.

"Vitu gani?"

"Hiyo ngozi, babu."

"Hiyo uiache, mke wangu. Tumezoeana." Akaendelea kuchonga. Nilimpelekea mama jibu. Mama akainamisha kichwa, akachukua ufagio, akaanza tena.

Huenda tungeendelea hivyo kama si shangazi Robi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, ameolewa Sirari, akifanya biashara ya sukari na sabuni kati ya huko na Isebania, upande wa Kenya. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya sokoni, na Kiswahili chake kilikuwa kimeshavuka mpaka. Alikuja kututembelea, akalala kwetu usiku mmoja. Asubuhi alisimama uani, amepandisha sketi mpaka magotini, anahesabu alama kwenye miguu yake.

"Hii ni nini hii? Mama Bhoke, wewe unafuga ng'ombe ama unafuga viroboto?"

"Shangazi yao, nimefanya kila ninaloweza," mama akasema taratibu.

"Wacha nikwambie. Kaka yangu hakutoa ng'ombe ili mtoto wake aliwe na wadudu. Angalia huyu Mwita! Anakaa kama kuku aliyenyonyolewa!" Akamnyanyua Mwita, akamgeuza huku na huku. "Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikikuta haya mambo bado iko hapa, nitamwambia kaka yangu akurudishe kwenu Tarime. Huko mkalale na viroboto vyenu. Watoto tutabaki nao sisi."

Mama akampokea Mwita. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa mkononi. Maneno yale ya mwisho yaliniingia, yakakaa. Mtu mzima angejua kwamba shangazi alikuwa mwepesi wa kufoka, kwamba ndoa haivunjwi kwa kelele za asubuhi moja. Mimi nilikuwa mtoto. Nilimwona mama yangu na kifurushi chake kichwani, akishuka njia ya kwenda barabarani. Nilimwona kila nilipofumba macho.

Wiki iliyofuata nilikwenda na babu joshoni. Nilipenda kutazama ng'ombe wakirukia kwenye mfereji ule, wanazama mpaka pembe, wanaibuka wakipiga chafya. Msimamizi alikuwa mzee Marwa, rafiki wa babu na mtani wake. Alimwaga dawa majini, nayo ikageuka nyeupe kama maziwa. Nikamwuliza kama inaua kupe tu.

"Mjukuu wangu, hii inaua kila chenye miguu mingi," akasema. "Kupe, chawa, viroboto, wote kwaheri. Na mwenye miguu miwili ikimgusa, akaoge kwa sabuni upesi, asije akafuatana nao!" Wazee wakacheka.

Ndugu zangu, sikio la mtoto huchagua. Nililibeba neno la kwanza. La pili nililiacha pale pale kwenye kicheko cha wazee.

Babu alikuwa na dawa kidogo katika chupa ya kahawia, aliyopewa kwa ajili ya kupaka masikio ya ndama. Aliining'iniza kwenye zizi la ndama, juu, kwa kamba ya katani. Siku ile niliyokuwa nikiingoja, mwisho wa mwezi, siku ambayo shangazi alikuwa amesema atakuja, babu alitoka asubuhi na ng'ombe. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akipepeta mtama. Nilipanda juu ya kinu, nikaifungua kamba.

Babu alipima dawa hiyo kwa kifuniko. Mimi nilimimina zaidi ya nusu chupa katika kata ya maji, nikakoroga kwa kidole, nikaona maziwa yale yanatokea. Nilifurahi sana. Niliingia nyumbani mwa babu, nikafunga kitita cha nyasi, nikaanza kuipaka ngozi. Niliisugua manyoyani, ukingoni, kwenye fito za kitanda. Viroboto waliruka, wakaanguka, wakajikunja. Niliwatazama wakifa, na ninakiri kwamba nilimshukuru Mungu. Niliomba kabisa, nimepiga magoti kwenye vumbi lile: "Ee Bwana, mama yangu asiondoke." Kisha nikairudisha chupa mahali pake na kufuta mikono kwenye gauni.

Babu alirudi jua likiwa utosini. Alikuwa amechoka na jasho linamtoka. Alivua shati, akalitundika kwenye ua, akaingia ndani kujinyoosha kama kawaida yake; harufu ile alikuwa ameizoea joshoni. Nilikaa chini ya ukingo wa paa nikisikiliza, nikingoja aseme, "Mke wangu, leo hakuna anayeniuma!" Nilishaandaa jibu la kumtania.

Nilimsikia akikohoa. Akatema mate. Akatema tena.

Halafu mwana-mbuzi mmoja akatoka mlangoni. Alikuwa yule mweusi mwenye nyota, aliyezoea kulala miguuni pa kitanda. Alitembea kama mlevi, miguu ya mbele ikapishana, akaanguka. Povu lilimtoka mdomoni. Miguu yake ilitetemeka haraka haraka, kisha polepole, kisha haikutetemeka tena.

Hapo ndipo nusu ya pili ya maneno ya mzee Marwa iliponirudia.

Nilichungulia ndani. Babu alikuwa amelala chali, mate yanamtiririka mpaka shingoni, jasho limemfunika kama mtu aliyetoka mtoni. Misuli ya mikono yake ilikuwa inarukaruka yenyewe chini ya ngozi. Alinitazama lakini sidhani kama aliniona. Nilikimbia nyuma ya nyumba nikamkuta mama na ungo. Nilimshika mkono nikamvuta.

Mama aliinama kunisikiliza, na kabla sijatamka neno alisita. Alikuwa amenusa. Alichukua mikono yangu miwili, akaiweka puani pake, kisha akanitazama machoni. Alielewa yote kwa pumzi moja.

"Wapi?" akauliza.

"Kwenye ngozi."

Alikimbia. Lakini alipofika mlangoni pa babu, miguu yake ilisimama. Nimekwisha kuwaeleza mlango ule ulikuwa nini. Kwa miaka yote aliyoishi pale hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Ndani yake alikuwa baba wa mume wake, amelala nusu uchi kwenye matandiko yake. Mama alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Akaita, "Baba!" Sikuwahi kumsikia akimwita. "Baba, toka nje!" Hakuna aliyejibu, ila ile sauti ya mtu anayevuta pumzi kupitia majini.

"Mwite mzee Chacha! Mwite mtu yeyote!" akaniambia. Kisha akatazama njia ya kwenda kwa mzee huyo, mwenzake babu wa rika moja, akaona ilivyo ndefu na tupu, na akasema, "Hapana. Kaa hapa. Leta maji. Leta sabuni."

Akamtaja Yesu mara moja, akaingia.

Alimburuta kwa makwapa, akirudi kinyumenyume, mpaka uani kwenye mwanga. Babu alikuwa mrefu, na mama alikuwa mwembamba; sijui nguvu zile alizipata wapi. Kwanza aliniosha mimi, mikono mpaka viwiko, akaniamuru nisugue mpaka chini ya kucha, akanivua gauni akalitupa mbali. Kisha akamvua babu nguo zilizobaki, akamwosha. Alimwosha mgongo, kifua, shingo, nywele, kwa kipande cha sabuni ya kufulia, akamgeuza kama anavyogeuzwa mtoto ili mate yatoke. Nilichota maji mpaka mtungi ukaisha, nikaanza yale ya ng'ombe. Mama alikuwa analia huku anasugua, na mikono yake haikusimama.

Katika hali hiyo ndipo shangazi Robi alipotokea njiani, na kikapu chake cha sukari.

Sitayarudia yote aliyosema. Alipiga ukunga uliosikika mpaka joshoni. Alimwona baba yake uchi mikononi mwa mkaza mwana. Aliona povu. Aliona mbuzi aliyekufa. Akanusa dawa. "Amemuua! Mwanamke huyu amemuua baba yangu! Nilimwambia ataenda kwao, sasa amelipiza!" Majirani wakaja mbio, wengine na fimbo. Mama hakujitetea. Alisema neno moja tu: "Mpelekeni zahanati. Semeni ni dawa ya josho." Mzee Marwa alifika, akainama akamnusa babu, akapaza sauti kuliko shangazi: "Kelele! Nani aliyemwosha? Huyo aliyemwosha ndiye aliyempa nafasi ya kupona. Leteni kitanda, tumbebe!"

Walimbeba juu ya kitanda cha kamba, wanne wanne wakipokezana. Kule zahanati walimchoma sindano. Tuliambiwa tungoje.

Tulingoja siku tatu. Mimi sikula. Nilitapika siku ya kwanza, na kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa. Mama alinipa maziwa na kuniweka karibu yake. Hakunigombeza. Hakuniuliza tena. Nilitaka anipige, maana kiboko ningekielewa. Shangazi alikaa nyumbani mwa babu, mlangoni, kama askari, na hakuna aliyesema na mama. Barua ilikuwa imetumwa Ikoma kwa baba. Jirani mmoja aliyekuwa akituazima moto alipita mbali na mlango wetu.

Siku ya tatu babu alirudi, ameketi nyuma ya baiskeli ya mzee Marwa, amedhoofu, macho yameingia ndani. Wazee watatu wa rika lake walikwisha kufika. Waliweka vigoda uani. Shangazi alisimama nyuma yao. Mama aliitwa, akaketi chini kwa mbali, amempakata Mwita na kugeuza uso pembeni kwa heshima. Mimi nilijibanza nyuma yake.

Mzee Chacha, mkubwa wao, ndiye aliyesema. "Mama Bhoke, sumu imekutwa kwenye matandiko ya baba mkwe wako. Na wewe umeingia mahali usipoingia, ukashika usichoshika. Hatujasema umefanya. Tunataka ule kiapo kwa desturi yetu. Ukiwa safi, kiapo hakitakudhuru."

"Wazee wangu, mimi siapi," mama akasema. "Imani yangu hainiruhusu."

"Basi sema nani aliyefanya."

Mama akamkumbatia Mwita. Nilikuwa nimeshika nguo yake mgongoni na nilihisi mbavu zake zikipanda na kushuka. Hakusema uongo, sikuwahi kumsikia akisema uongo maisha yake yote. Lakini kweli hakuitoa.

"Mnaona?" shangazi akasema. "Mnaona vile amefunga mdomo? Afunge na mizigo!"

Mama aliinamisha uso juu ya kichwa cha Mwita. Nikakiona kile kifurushi. Nikaiona ile njia ya barabarani. Na ndipo nilipojua kwamba mama yangu angeshuka njia ile bila kutaja jina langu.

Nilisimama. Nilisema, "Ni mimi." Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. "Ni mimi niliyepaka. Nilitaka viroboto wafe. Shangazi alisema mama ataondoka."

Mama alinyoosha mkono kunivuta chini, lakini nilikuwa nimekwisha kusema.

Mzee Chacha akasafisha koo. Lakini kabla hajafungua mdomo tukasikia sauti, kavu, kama mlango wa zamani unaofunguliwa. Babu alikuwa anacheka. Alicheka akakohoa, mzee Marwa akamshika bega.

"Wazee wenzangu," akasema, "huyu ni nani kwangu?"

"Mjukuu wako," mzee Chacha akajibu.

"Mjukuu wangu wa kike ni nani kwangu?"

Mzee Chacha akasita. "Mkeo," akasema, na mdomo wake ukaanza kupinda.

"Basi mke wangu alinitandikia kitanda. Tangu lini wazee wanakaa kikao kwa sababu mke amemtandikia mumewe? Kama alizidisha chumvi, tutazungumza mimi na yeye."

Wazee wakacheka, kwa ile furaha ya watu waliokuwa wamebanwa. Shangazi hakucheka. "Na huyu aliyekushika, baba? Mkaza mwana kukuvua nguo?"

Babu aliacha kucheka. Aliongea taratibu, akitazama chini, asimtazame mama. "Robi, ndama akizama joshoni, anayekuwa karibu ndiye anayevuta. Hatuulizi ni wa ukoo gani. Ulinikuta ninaoshwa nikiwa hai. Ulitaka ukute ninaoshwa kwa ajili ya kuzikwa?"

Shangazi akafunika uso kwa kanga. Alikuwa anampenda baba yake. Kelele zake zote zilitoka hapo.

Kisha babu akafanya jambo ambalo lilimshangaza kila mtu. Aliinuka, akikataa mkono wa mzee Marwa, akaingia nyumbani mwake. Mama alipoona anachotoka nacho alisimama haraka, akageuka na kuuelekea ukuta. Babu alikuwa ameishika ngozi ile kwa gunia, anaiburuta. Aliitoa mbele za watu wote, katikati ya jua, kitu ambacho mzee wa heshima hakukitoa. Aliipeleka mpaka kwenye jaa la majivu, akasema tuletewe moto. Ilikuwa ngumu kushika moto, kisha ikashika. Wazee walisogea upande wa upepo. Babu alisimama peke yake mbele yake hata baada ya wengine kukaa tena vigodani.

Wiki ile wana-mbuzi walijengewa kibanda chao nje. Mimi na shangazi Robi, ndiyo, yeye mwenyewe, amejifunga kanga kiunoni, tulifagia nyumba ya babu, tukamwaga maji ya moto, tukasiriba. Alinikanya kila dakika: "Pole pole, mke wa baba yangu, usije ukaniua na mimi!" Babu akapata mkeka mpya na blanketi, na mimi nikavianika kila Jumamosi pamoja na vya kwetu. Kabla ya mvua viroboto walikwisha. Mwita alinenepa. Baba alipofika na barua ile mfukoni, alikuta mambo yameshakwisha. Mama hakwenda Tarime, isipokuwa kusalimia.

Nilikuwa mwanamke mwenye watoto niliposikia habari ya ngozi ile. Shangazi ndiye aliyenieleza, tukiwa tumekaa Sirari, yeye amezeeka na sauti imempungua. Alisema ilikuwa ngozi ambayo babu na bibi walilalia tangu ujana wao, na bibi alifia juu yake. Nikakumbuka alivyosimama pale kwenye majivu. Aliposema wamezoeana, mimi nilidhani anasema habari ya ngozi.

Na kuna jingine ambalo sikulielewa nilipokuwa mdogo. Baada ya siku ile, kila Jumamosi asubuhi, babu alitoka mlangoni mwake, akatazama juu, akaniita kwa sauti kubwa: "Bhoke! Mwambie mama yako leo jua ni zuri."

Mama alikuwa hatua kumi kutoka pale, anasikia kila neno. Hata hivyo nilikwenda nikamwambia, "Mama, babu anasema leo jua ni zuri." Naye alijibu, bila kugeuka, "Mwambie babu nimeliona, asante." Nikarudi hatua kumi. "Babu, mama anasema ameliona, asante." Babu aliitikia kwa kichwa, akaenda kufungua ng'ombe. Ilikuwa hivyo mpaka mwaka aliofariki, hata Jumamosi za mawingu.

Nilidhani wanazungumza habari ya kuanika mikeka.